Miaka 18 Tunayoiruka Tunapomkumbuka Mengi

Dk. Reginald Mengi, mfanyabiashara na mmiliki wa vyombo vya habari, alifariki dunia Dubai tarehe 2 Mei 2019, na siku saba baadaye akazikwa Machame, wilayani Hai, kwenye mteremko ule ule wa Kilimanjaro alikozaliwa. Katika juma lile la maombolezo, kuanzia Ukumbi wa Karimjee jijini Dar es Salaam hadi Moshi, neno nililolisikia mara nyingi kuliko mengine yote lilikuwa "mchapakazi". Lilisemwa kwa heshima, na lilikuwa la kweli. Ila kila linaporudiwa, iwe Mei inapofika au katika semina za ujasiriamali ambako jina lake halikosi kutajwa, naona linafunga mjadala mahali pale pale ambapo mjadala ulipaswa kuanza. Nchi hii ina wachapakazi wengi mno. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kupika vitumbua, na kijana anayesukuma mkokoteni Kariakoo mchana kutwa, wanatoa jasho kuliko wakurugenzi wengi, na umri wao unakwisha bila kiwanda wala gazeti. Kwa hiyo uchapakazi peke yake hauelezi kitu. Wenyewe ndio unaohitaji kuelezwa.

Simulizi ya Mengi kama inavyosimuliwa mitaani ina vituo viwili. Cha kwanza ni utoto wa umaskini Machame, familia ikiishi katika kibanda cha udongo. Cha pili ni bilionea mwenye viwanda, televisheni, redio na magazeti. Katikati huwekwa kalamu: kwamba miaka ya 1980 kalamu za wino ziliadimika, naye akaanza kuziunganisha nyumbani kwake, na kutoka hapo utajiri ukafunguka. Ni simulizi tamu, nami sina shaka na ukweli wake. Tatizo langu ni kile kinachorukwa. Mengi alirejea nchini mwaka 1971 baada ya kusomea uhasibu Uingereza, akaingia katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand, akapanda ngazi hadi kuwa mwenyekiti wake nchini, na hakuondoka mpaka mwaka 1989. Hiyo ni miaka 18 ya kuajiriwa. Mtoto aliyezaliwa siku alipoanza kazi pale alikuwa ameshafikia umri wa kupiga kura alipoaga.

Miaka hiyo 18 ndiyo kiini cha maisha yake ya biashara, na ndiyo ambayo hotuba huipita kwa sentensi moja. Mkaguzi wa hesabu ni mtu anayelipwa ili aone ndani ya biashara za wengine. Anajua ipi inapata faida kwenye karatasi huku ikifa kwa kukosa fedha taslimu, ipi inauza sana lakini haikusanyi madeni yake, ipi imejengwa juu ya mkopo ambao hauwezi kulipika. Anazijua sheria za kodi kwa vifungu vyake, na anajua meneja wa benki anatazama nini kabla ya kutia saini. Muhimu zaidi, jina lake linazoeleka kuwa jina linaloweza kuaminiwa, maana kazi yake yote ni kuweka saini chini ya hesabu za watu na kusema kwamba ziko sawa. Mtu wa namna hiyo anapoanza kuunganisha kalamu, haanzi na kalamu peke yake. Ana mshahara unaoendelea kuingia iwapo kalamu hazitauzika, ana elimu ya gharama hadi senti ya mwisho, na ana mlango wa benki ambao mwenye genge hawezi kuugonga.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu vijana wetu wanaambiwa kila siku waache kazi wakajiajiri, na Mengi hutajwa kama ushahidi. Maisha yake yanashuhudia kinyume chake. Aliacha kazi baada ya biashara kusimama, wala hakuiacha ili biashara isimame, na alipoiacha alikuwa katika miaka yake ya arobaini, akiwa amefika juu kabisa katika taaluma yake. Huo ni uvumilivu wa aina ambayo haina mvuto katika hotuba, kwa kuwa hauna siku moja ya muujiza ambayo mtu anaweza kuisimulia huku wasikilizaji wakipiga makofi.

Kuna jambo la pili linalorukwa, nalo ni wakati wenyewe. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka benki na makampuni makubwa mikononi mwa umma, na kiongozi akakatazwa kumiliki hisa au nyumba ya kupangisha. Kwa karibu miaka 20 iliyofuata, kuwa mfanyabiashara Tanzania kulikuwa kukaa kwenye kivuli cha tuhuma. Baada ya Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, viwanda vikakosa vipuri, na sabuni, sukari na mafuta ya kupikia vikawa vitu vya kupangia foleni au kupata kwa kibali. Mwaka 1983 serikali ilianzisha msako dhidi ya wahujumu uchumi, na wapo watu waliotupa bidhaa mitoni na vichakani kwa hofu ya kukutwa nazo. Halafu, katika muda mfupi mno, upepo ukageuka. Mwaka 1984 serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa kutoka nje. Mwaka 1985 Rais Ali Hassan Mwinyi akaingia madarakani, na mwaka 1986 nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Watu wakaanza kusema "ruksa".

Aliyekuwa na taaluma, akiba na mtandao mwaka 1986 alisimama mbele ya mlango uliofunguliwa ghafla, huku wengi wakiwa hawajui hata ulipo. Mengi alikuwepo. Kusema hivyo hakumpunguzii heshima. Wapo wahasibu wengine waliokuwa na sifa kama zake mwaka ule na hawakuthubutu, kwa sababu kumbukumbu ya 1983 ilikuwa bado mbichi na hakuna aliyejua kama upepo hautageuka tena. Yeye alithubutu akiwa ameshapiga hesabu, na hapo ndipo ninapouona ujasiri wake, mbali kabisa na kubahatisha kunakosifiwa siku hizi kwa jina hilo hilo la ujasiri.

Tuje sasa kwenye neno "kaskazini". Akifa mfanyabiashara kutoka Kilimanjaro, hasa Mchaga, watu wengi hudhani wameshapata maelezo yote kwa kutaja kabila. Dar es Salaam duka la mtaani huitwa "kwa Mangi" hata kama mwenye duka hajawahi kuiona Moshi, na neno lililokuwa cheo cha mtawala wa Uchagani limegeuka jina la muuza sukari na vocha. Ndani ya mzaha huo kuna dhana nzito, kwamba biashara imo katika damu ya watu wa huko. Mimi dhana hiyo siikubali, na nadhani ni njia nyingine ya kukwepa kuuliza maswali, sawa na lile neno mchapakazi.

Tazama ardhi kwanza. Uchagani familia huishi kwenye kihamba, shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, ambako wazazi na mababu huzikwa. Kwa desturi, mtoto wa kiume wa kwanza hutafutiwa sehemu yake, na kitinda mimba hubaki na nyumba ya baba na mama. Wa katikati hujitegemea. Zamani walipanda juu au kushuka chini kutafuta pori la kufyeka, lakini mlima una mipaka: juu kuna msitu wa hifadhi, chini kuna nyika kavu na mashamba makubwa yaliyochukuliwa na walowezi. Kufikia katikati ya karne iliyopita pori la kufyeka lilikuwa limekwisha. Kijana wa katikati akabaki na njia mbili, shule au safari. Wengi wa wale tunaowaita wafanyabiashara hodari wa kaskazini ni wana ambao kihamba hakikuwatosha, na kuhama kwao kulitokana na hesabu za ekari kabla ya kutokana na tabia yoyote ya kuzaliwa nayo.

Kisha tazama kahawa. Wamisionari waliipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na wakulima wa Kichaga wakaikumbatia kiasi cha kuwashtua walowezi, ambao walitaka wenyeji wazuiwe kuilima. Mwaka 1925 wakulima hao wakaunda chama chao cha kuitetea haki hiyo, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, ambacho wakati Mengi anazaliwa kilikuwa tayari ndicho kinachouza kahawa ya wakulima wa Kichaga. Watu huzungumzia fedha ambazo kahawa ilileta. Mimi navutiwa zaidi na namna fedha hizo zilivyofika. Mkulima hakulipwa mara moja. Alipata malipo ya awali alipopeleka kahawa chama cha msingi, na kahawa ilipouzwa mnadani akapata malipo ya pili. Kati ya malipo na malipo kulikuwa na miezi ya kusubiri ambamo ada ya shule, bati la nyumba na deni la dukani vilipaswa kupangwa kwa kutegemea fedha ambazo bado hazijafika. Kaya iliyoishi hivyo kwa miaka 30 ilijifunza bajeti bila mwalimu. Ilijifunza pia risiti, mizani, mkutano mkuu, na haki ya kumuuliza katibu fedha zimekwenda wapi. Mtoto aliyekua akisikia mazungumzo hayo jioni, akaenda kusomea uhasibu, hakuwa anaingia nchi ya kigeni.

Na kazi ya shamba lenyewe? Hapo ndipo hotuba zetu zina upungufu mkubwa kuliko wote. Kahawa ilikuwa ya baba, na jina lililoandikwa chamani lilikuwa lake. Ndizi, maharage, maziwa na majani ya ng'ombe vilikuwa vya mama. Ng'ombe wa kihamba hafugwi kwa kuchungwa, hufungiwa bandani, kwa hiyo lazima mtu ashuke nyikani kukata majani, apande nayo mlima akiwa ameyabeba kichwani, amlishe ng'ombe, kisha samadi irudishwe kwenye migomba. Mtu huyo kwa kawaida alikuwa mwanamke. Ndiye pia aliyekwenda gulioni na mikungu ya ndizi, akarudi na chumvi, mafuta ya taa na daftari la mtoto. Ukimsikia mfanyabiashara wa kaskazini akisema alijifunza kazi nyumbani, muulize ni nani aliyemfundisha, na mara nyingi atamtaja mama yake kabla hajamtaja mtu mwingine. Hata hivyo, msibani mama huyo hutajwa mara moja tu, katika ile sentensi inayosema marehemu alikuwa mtoto wa fulani na fulani.

Upungufu huo huo huendelea mjini. Maduka mengi ya watu wa kaskazini yalikua kwa sababu mke alikaa dukani huku mume akisafiri kufuata mzigo, au kwa sababu mshahara wa mke mwalimu au muuguzi ulilisha familia katika miaka ambayo faida yote ilirudi kwenye biashara. Tunaposema "mfanyabiashara na mtu wa familia", tunaitaja familia kana kwamba ilikuwa mahali pa kupumzikia baada ya kazi. Kwa hakika ilikuwa mtaji wake wa kwanza na mlinzi wa stoo, na bila hiyo pasingekuwa na biashara ya kusifiwa.

Nirudi kwa Mengi. Alipopata uwezo hakukiacha kilichomlea. Kiwanda chake cha vinywaji cha Bonite kiko Moshi, na maji yaliyobeba jina la Kilimanjaro yakafika kwenye meza za mikutano nchi nzima. Aliongoza kampeni ya kupanda miti kwenye miteremko ya mlima wakati ambapo wengi walidhani msitu hauwezi kwisha, na alitumikia pia uenyekiti wa baraza la taifa la mazingira. Mwaka 1994 aliingia katika televisheni kwa ITV na katika redio kwa Radio One. Vijana wa leo hawawezi kujua uzito wa mwaka ule. Kabla ya mwaka huo Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni, na redio ilikuwa moja, ya serikali. Kusikia habari kwa sauti nyingine, na kuona midahalo ambamo mwananchi anampinga waziri, kulibadili mazoea ya taifa zima la kuzungumza na wakubwa wake. Ukiniuliza nitaje kazi moja tu aliyoifanya ambayo haiwezi kupimwa kwa shilingi, nitataja hiyo.

Lakini kumkumbuka mtu kwa heshima hakutudai tufumbe macho. Mwaka 2009 aliita waandishi wa habari na kuwataja hadharani wafanyabiashara wenzake aliowaita "mafisadi papa", na nchi ikagawanyika. Waliomuunga mkono waliona ujasiri wa mtu mwenye mengi ya kupoteza. Waliompinga waliuliza kama ni sawa mmiliki wa vituo na magazeti kuwahukumu washindani wake mbele ya kamera zake mwenyewe. Naamini alikuwa na uchungu wa kweli kuhusu rushwa. Naamini vilevile kwamba swali la wapinzani wake lilikuwa halali na bado halijajibiwa, kwa sababu tangu hapo umiliki wa vyombo vya habari umezidi kuwa mikononi mwa watu wenye maslahi makubwa kwingineko, na wengi wao hawana hata uchungu ule.

Upande wa familia na utu, wengi hukumbuka chakula cha mchana alichokula kila mwaka na watu wenye ulemavu. Wapo wanaoona karamu ya siku moja ni jambo dogo mbele ya umaskini wa mwaka mzima. Mimi sikuliona hivyo. Katika jamii ambayo familia nyingi zilikuwa zikimficha mtoto mlemavu chumba cha ndani, mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi kuketi naye meza moja, televisheni ikionyesha, kulikuwa na nguvu ambayo hakuna mradi ungeweza kuinunua. Alikuwa pia baba aliyemzika mwanawe kabla ya yeye mwenyewe kuzikwa, akaja kuwa baba tena wa watoto mapacha akiwa mtu mzima sana. Mtu aliyepitia hayo yote mawili anastahili kukumbukwa kwa zaidi ya orodha ya makampuni.

Baada ya mazishi yakafuata mambo ya mirathi. Mwaka 2021 Mahakama Kuu iliubatilisha wosia uliokuwa umewasilishwa kuwa ni wake. Sitaki kuingia katika ugomvi wa familia ya watu, na aliyewahi kufiwa anajua kwamba uchungu wa namna hiyo hauhitaji wachambuzi. Nalitaja kwa sababu linahusu kizazi kizima. Kihamba kina mipaka iliyopandwa masale, mmea wa kuwekea mipaka Uchagani, na mgogoro ukizuka kuna wazee wa ukoo wanaojua nani alipewa wapi na mbele ya nani. Kampuni haina masale. Hisa, leseni, akaunti na madeni hukaa kwenye makaratasi, na desturi iliyowaongoza baba zetu kugawa migomba haina la kusema kuhusu jina la biashara au dhamana ya benki. Wanaume wengi wa kaskazini waliotajirika baada ya 1986 walijenga mali ya aina mpya huku wakiwa na mazoea ya kurithisha ya aina ya zamani, na nimeona maduka yaliyochukua miaka 30 kujengwa yakifungwa ndani ya miaka mitatu baada ya matanga kuanuliwa, si kwa sababu watoto walikuwa wavivu, bali kwa sababu baba alikuwa na kila hesabu kichwani mwake na alikwenda nayo.

Kizazi hicho sasa kinaondoka. Walioanza na stoo moja Kariakoo, Arusha mjini au Moshi katikati ya miaka ya 1980 wamevuka miaka 70, na karibu kila Jumamosi gari lenye msalaba mbele linapandisha barabara ya vumbi kuelekea kihambani. Chini ya hema mtu hunyanyuka na karatasi mbili kusoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akasoma, akajiajiri, alikuwa mchapakazi, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Kati ya "akasoma" na "akajiajiri" kuna miaka 10, au 15, au 18, ambayo haikuandikwa. Wanaoijua wameketi pale pale kwenye viti vya plastiki: mke aliyekaa dukani, karani wa kwanza, rafiki aliyemkopesha nauli, dada aliyeacha shule ili yeye aendelee. Baadhi yao ni wazee kuliko marehemu, na hakuna aliyewauliza.